Msumeno Usio na Meno: Historia ya Maneno ya Zege katika Bonde la Kilombero

UTANGULIZI

Msafiri apandaye gari moshi la TAZARA kutoka Dar es Salaam, akiisha kupita Ifakara, huingia katika sehemu ya bonde la Kilombero ambayo upande mmoja imepakana na milima ya Udzungwa na upande wa pili na mbuga zinazofurika maji wakati wa masika. Huko ndiko iliko stesheni ya Mngeta. Chini ya reli yamelazwa mataruma ya zege; ndani ya tuta yamo makalavati ya zege yapitishayo maji yateremkayo milimani; mito nayo imevukwa kwa madaraja ya nguzo za zege. Wakazi wa Mngeta wanajulikana zaidi kwa kilimo cha mpunga kuliko kwa uashi. Hata hivyo, kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini wameishi na zege, na wengi wa wazee wao walilichanganya na kulibeba kwa mikono yao.

Zege likiisha kuganda hudhaniwa kuwa kazi yake imekwisha. Si hivyo. Sakafu hutaka kupasuliwa ili bomba lipite. Barabara hutaka kukatwa kipande kilichoharibika. Sakafu mpya ya ghala hutaka kuchorwa mifuo kabla haijapasuka yenyewe. Kwa kazi hizo hutumiwa mashine ya injini yenye magurudumu madogo na sahani ya duara inayozunguka kwa kasi. Mtumiaji huifuata nyuma kwa miguu, mikono yake imeshika vipini, kama mkulima afuataye jembe la ng'ombe. Ni mashine nyepesi kuieleza, lakini ina uwezo wa kumkata mtu mguu kwa muda wa kufumba na kufumbua, na ina uwezo mwingine wa kumuua polepole, kwa vumbi, baada ya miaka mingi.

Swali la makala haya ni la lugha. Kijana wa Mngeta akikabidhiwa mashine hiyo leo, ataelezwa kwa maneno gani? Orodha za istilahi, tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanza kutoa Tafsiri Sanifu mwaka 1974, zimezoea kuweka neno la kigeni upande mmoja na neno la Kiswahili upande wa pili. Utaratibu huo umetufaa sana. Lakini kwa desturi orodha ya namna hiyo huanza na majina ya vitu: injini, mpini, gurudumu, sahani. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba katika zana za hatari mpangilio huo unapaswa kugeuzwa: maneno yatajayo hatari na kazi yatangulie, majina ya sehemu yafuate. Historia ya maneno ya zege katika nchi yetu inaunga mkono rai hiyo, kwani maneno yaliyodumu ni yale ambayo watu waliyatoa katika kazi waliyokwisha kuijua. Ili kulionyesha jambo hilo hatuna budi kuanza mbali kidogo na Mngeta, yaani pwani, ambako maneno yenyewe yalianzia.

ZEGE NA SARUJI KABLA YA VIWANDA

Kuna wanaodhani kwamba ujenzi wa zege uliletwa Afrika Mashariki na wakoloni. Wanaofikiri hivyo wautazame Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Msikiti huo ulipanuliwa katika karne ya 14, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Sehemu iliyoongezwa iliezekwa kwa makuba na matao ya vipande vya matumbawe vilivyoshikamanishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya tanuri la magogo. Huo ulikuwa ni mchanganyiko wa mawe na kishikizi uliomiminwa juu ya umbo la mbao na kuachwa ugande, na kwa maana ya kifundi hilo ni zege.

Neno zege lenyewe linatoa ushahidi. Mbali na maana yake ya leo, kamusi zinalieleza pia kwa maana ya kuba au paa la mviringo. Si vigumu kuona jinsi maana hizo mbili zinavyokaribiana: paa la namna hiyo katika mwambao wetu lilijengwa kwa mchanganyiko huo, na jina la umbo likaambatana na jina la kitu kilicholijenga.

Neno saruji nalo limesafiri. Katika Uajemi na Oman saruji lilikuwa jina la kishikizi cha kale kilichozuia maji. Huko Oman udongo wa mfinyanzi ulichomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa, kisha ukatumika kukandika mifereji ya maji iitwayo falaji, birika na kuta za ngome. Waswahili walilipokea neno pamoja na kazi yake. Baadaye, saruji ya kiwandani ya aina ya Portland, ambayo hataza yake Joseph Aspdin alipewa huko Uingereza mwaka 1824, ilipofika katika bandari zetu, haikuhitaji jina jipya. Ilikuta jina limekwisha kuandaliwa. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuitengeneza mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966.

Hapa kuna tahadhari kwa wafasiri. Katika mazungumzo ya kila siku watu husema "sakafu ya sementi" wakiwa na maana ya sakafu ya zege. Mwalimu anaweza kuyaachilia mazungumzo hayo, lakini mwandishi wa maelekezo ya msumeno hawezi. Saruji ni unga ulio ndani ya mfuko. Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji yaliyoshikana. Kinachomaliza sahani ya kukatia si saruji bali ni kokoto na mchanga. Fundi aambiwaye kwamba anakwenda kukata saruji hatauliza kokoto zake ni za aina gani, na asipouliza atachagua sahani isiyofaa. Jambo hili tutalirudia.

RELI NA MATARUMA

Maneno hayo ya pwani yalipandaje hadi Mngeta? Yalipanda kwa njia nyingi, lakini njia kubwa kuliko zote ilikuwa reli. Mkataba wa kuijenga Reli ya Uhuru ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967 na serikali za Tanzania, Zambia na China. Ujenzi ulizinduliwa mwezi Oktoba 1970. Mwaka 1971 reli ilikuwa imekwisha kulipita bonde na kufika Mlimba. Mwezi Juni 1975 ikafika Kapiri Mposhi, na mwezi Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia. Urefu wake ni kilometa 1,860, na madaraja yake ni zaidi ya 300. Sehemu iliyowapa mafundi taabu kubwa kupita zote ilianzia Mlimba kupanda hadi Makambako, ambako milima ilitobolewa mahandaki na mabonde yakavukwa kwa madaraja marefu.

Wataalamu wa Kichina na vibarua wa Kitanzania hawakuwa na lugha moja. Wakalimani walikuwa wachache, na sehemu kubwa ya kazi ilifundishwa kwa kutenda: mtaalamu alifanya, mwanafunzi akatazama, kisha akarudia mbele yake. Utaratibu huo ulitoa mafundi wengi walioijua kazi kwa mikono yao. Lakini ulikuwa na upungufu mmoja. Jambo lililofundishwa kwa mikono hupitishwa kwa mikono, na siku fundi anapostaafu, kama hakuna maneno, elimu hiyo hustaafu pamoja naye.

Hata hivyo, lugha haikukaa kimya katika kambi zile. Litazame neno taruma. Kwa mabaharia wa pwani, mataruma ni mbao za ndani ya chombo ziwekwazo kukingama ili kuyaimarisha mabavu yake. Reli ilipojengwa, watu waliona vipande vya mti vilivyolazwa kukingama chini ya vyuma viwili, wakaona vinafanya kazi ile ile ya kushikilia na kuimarisha, wakaviita mataruma. Reli ya TAZARA kwa sehemu kubwa ililazwa juu ya mataruma ya zege, ambayo hayaliwi na mchwa wala hayaungui moto wa nyika. Kitu kimebadilika kutoka mti kuwa zege, lakini jina limebaki, kwa sababu jina lilitaja kazi wala halikutaja mti. Huo ndio msingi wa istilahi yenye maisha marefu.

Watu wa bondeni nao waliongeza la kwao. Treni ya abiria ya mwendo mfupi, iliyosimama stesheni baada ya stesheni na kuwachukua wakulima pamoja na magunia yao ya mpunga na mikungu yao ya ndizi, waliiita kipisi. Neno hilo lilitoka katika vinywa vya watu waliolihitaji, bila ya kamati yoyote kukaa. Mtu anayeunda istilahi kwa ajili ya bonde hilo asisahau kwamba anakwenda kwa wenzake katika kazi hiyo.

Baada ya reli zege liliendelea kuja. Katika miaka ya 1980 lilianzishwa shamba kubwa la mpunga la Mngeta kwa ubia wa Tanzania na Korea ya Kaskazini. Karibu na mwaka 2000 kilikamilika kituo cha umeme cha Kihansi, chenye uwezo wa megawati 180, juu kidogo ya bonde hilo hilo. Mwezi Mei 2018 lilifunguliwa daraja la mto Kilombero pale Ifakara, lenye urefu wa mita 384, mahali ambapo watu walikuwa wakivuka kwa kivuko na mitumbwi. Mwezi Septemba 2024 nchi tatu zilizoijenga TAZARA zilitia saini, huko Beijing, hati ya makubaliano ya kuihuisha reli hiyo. Maana yake ni moja: kizazi hiki kinaanza kulikarabati zege la babu zake, na ukarabati wa zege huanza kwa kulikata.

SAHANI YA ALMASI

Historia ya mashine yenyewe si ndefu. Kwa muda mrefu zege gumu lilivunjwa kwa nyundo, tindo na mtarimbo, na baadaye kwa nyundo za hewa. Mikato iliyonyooka ilihitaji kitu kigumu kuliko kokoto, na kitu hicho ni almasi. Sahani za chuma zilizobandikwa chembe za almasi zilianza kutumika kukata zege na barabara katika miaka ya 1940 na 1950, hasa Marekani. Almasi nyingi zichimbwazo hazifai kuwa vito. Ni ndogo, au zina rangi mbaya, na hizo ndizo zilizokwenda viwandani. Kongo, katika eneo la Bakwanga ambalo leo ni Mbuji-Mayi, ilikuwa mtoaji mkubwa sana wa almasi za namna hiyo ulimwenguni. Kwetu, mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulioanzishwa baada ya John Williamson kuigundua almasi huko mwaka 1940, ulitoa vito na pia almasi za viwanda. Kisha mwezi Februari 1955 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba imeweza kutengeneza almasi kwa joto na mgandamizo mkubwa. Tangu hapo sahani za almasi zimezidi kuwa rahisi, hata leo zinauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi.

Mashine hiyo tuiite nini? Mara nyingi huitwa mashine ya kukatia zege, au msumeno wa zege. Jina la kwanza ni refu lakini halidanganyi. Jina la pili ni zuri na fupi, nalo limekwisha kuenea. Lina kosa moja tu: msumeno tuujuao una meno. Seremala huusukuma na kuuvuta, na ukikataa kwenda huongeza nguvu. Sahani ya almasi haina meno. Hata zile nafasi zinazoonekana ukingoni mwake si meno, bali ni njia za kupitisha maji na kupunguza joto. Sahani hii haipasui zege. Hulisaga, chembe kwa chembe. Mtu akiisukuma kwa nguvu kama msumeno wa mbao hapati mkato wa haraka zaidi. Anapata sahani iliyopinda, injini iliyoelemewa, na mashine iliyo tayari kuruka.

Kiswahili kina neno la kitu kinachozunguka na kusaga: cherehe. Kila aliyekaa mjini amemwona mnoa visu, akikanyaga kibao kwa mguu na kuligusisha kisu jiwe linalozunguka. Hakuna anayefikiri kwamba jiwe lile lina meno, wala hakuna anayekikandamiza kisu juu yake, kwani ajua kitaungua. Kwa sababu hiyo mwandishi anapendekeza kwamba mashine nzima iendelee kuitwa msumeno wa zege, maadamu watu wamelizoea jina hilo, lakini sahani yake iitwe cherehe ya almasi. Hapo jina lenyewe litamwambia mtumiaji: acha izunguke, acha uzito wa mashine ufanye kazi, usiisukume kwa kifua.

Jina hilo linasaidia pia kueleza jambo linalowashangaza wanagenzi wengi. Chembe za almasi zimeshikwa na metali, nayo tuiite kishikizi, kwa kuwa inafanya kazi ileile ya kushikamanisha iliyofanywa na chokaa ya Kilwa. Chembe za juu zikiwa butu, kishikizi hakina budi kulika kidogo ili chembe mpya zitokeze. Zege lenye kokoto ngumu halikili kishikizi kwa haraka. Kwa hiyo lahitaji kishikizi laini. Zege jipya, ambalo mchanga wake bado unaparuza, hukila upesi. Kwa hiyo lahitaji kishikizi kigumu. Kwa ufupi: zege gumu, kishikizi laini, zege laini, kishikizi kigumu. Cherehe ikianza kung'aa ukingoni na kuacha kukata, haikuisha. Chembe zake zimefunikwa. Hunolewa kwa kuikatisha kitu kiparuzacho, kama tofali laini la mchanga, hadi almasi zionekane tena.

MANENO YA HATARI

Sasa tufike katika kiini cha hoja. Hatari za msumeno wa zege zaweza kutajwa kwa maneno matano, na kila neno lastahili kuchaguliwa kwa uangalifu kuliko jina la sehemu yoyote ya mashine.

La kwanza ni kasi. Cherehe yenye kipenyo cha milimita 350 ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, ukingo wake hukimbia takriban mita 53 kwa sekunde, yaani karibu kilometa 190 kwa saa. Mtu akiiondoa na kufunga ya milimita 500 katika mhimili ule ule bila ya kubadili mwendo, ukingo utakimbia takriban mita 76 kwa sekunde, na cherehe yaweza kufumuka vipande. Ndiyo sababu kila cherehe huandikwa idadi ya mizunguko isiyopaswa kupitwa, pamoja na mshale wa kuonyesha upande wa kuzungukia. Maelekezo yetu yaseme waziwazi "mizunguko isizidi", wala yasiseme "mizunguko" tu. Neno moja likiachwa, maana ya ulinzi imeachwa. Kifuniko cha cherehe nacho kiitwe kinga, maana kifuniko chaweza kuondolewa kwa ajili ya usafi, lakini hakuna mwenye akili aondoaye kinga.

La pili ni mrusho. Cherehe ikibanwa ndani ya mkato, kwa sababu mtumiaji amepinda njia au kipande cha zege kimeinama, nguvu ya injini hukosa pa kwenda na kuirusha mashine. Wapo wanaopendekeza neno "teke", kwa kufuata Kiingereza. Lakini msemaji wa Kiswahili husema kwamba mashine imerusha, na mrusho ni neno lililo tayari. Dawa yake ni hii: mstari wa kukata uchorwe kwanza, cherehe ishushwe polepole ikiwa inazunguka, mkato mrefu wa kina upitiwe mara kadhaa, kila mara kina kidogo, mtumiaji asimame nyuma ya vipini, asisimame katika mstari wa cherehe, wala mtu mwingine yeyote asisimame katika mstari huo. Cherehe ikinasa, injini izimwe kwanza.

La tatu ni vumbi. Neno hili ni hatari kwa sababu ni la kawaida mno. Kila mtu wa bondeni anakula vumbi la barabara wakati wa kiangazi, na halimwui. Lakini mchanga na aina nyingi za kokoto zina silika, na zege likikatwa kavu hutoa chembe za silika zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita. Chembe hizo hupita puani na kooni, zikakaa katika mapafu, na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya; tena humfanya mgonjwa ashikwe kwa urahisi na kifua kikuu. Mtu aliyeambiwa "jihadhari na vumbi" atajifunga kitambaa, na kitambaa hakizichuji chembe hizo. Aambiwe "vumbi la silika", na aelezwe kwamba dawa ya kwanza ni maji: maji yatiririke juu ya cherehe tangu mwanzo wa mkato hadi mwisho wake. Maji huilaza silika na pia huipoza cherehe, hata ikadumu zaidi. Barakoa yenye kichujio maalumu hufuata baada ya maji. Haichukui nafasi yake. Tope linalobaki lizolewe likiwa bichi, kwani likikauka hurudi kuwa vumbi lile lile, na kabla ya hapo huchubua ngozi.

La nne ni mkazo. Twaita kwa jina moja, zege la vyuma, vitu viwili vilivyo mbali sana. Katika zege la nondo vyuma vimelala kwa utulivu, na ukivikata umekata chuma tu. Katika zege lililokazwa, kama lile la mataruma mengi na la madaraja marefu, nyaya zilivutwa kwa nguvu nyingi ili zilibane zege. Katika baadhi ya sakafu na madaraja nyaya hizo zimepitishwa ndani ya mabomba, na mmoja ukikatwa nguvu yake yote yaweza kufumuka ghafla. Kwa hiyo tofauti baina ya "zege la nondo" na "zege lililokazwa" ihifadhiwe katika kila hati, na sheria iwe moja: pasipo na ramani ya jengo, usikate. Ramani hiyo hiyo ndiyo itakayoonyesha nyaya za umeme na mabomba.

La tano ni moshi. Msumeno wa petroli ukitumika ndani ya ghala lililofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, ambayo humlaza mtu kabla hajajua kwamba anakufa. Neno moshi halitoshi, kwani moshi huonekana. Tunapendekeza "gesi ya injini", pamoja na onyo kwamba haionekani. Kelele za mashine nazo zinazidi kiasi ambacho masikio huweza kustahimili kwa siku nzima, basi vizibo vya masikio ni sehemu ya vazi la kazi, sawa na miwani na viatu vigumu.

UFA NA SAA YAKE

Usalama na ufanisi si maadui. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika sakafu ya zege fundi hufanya jambo la ajabu kidogo: hauzibi ufa, bali huutangulia. Zege likikauka husinyaa, na likisinyaa halina budi kupasuka. Fundi hulichagulia mahali pa kupasukia kwa kulikata mfuo wenye kina cha takriban robo ya unene wake. Ufa hujitokeza chini ya mfuo, ukanyooka, usionekane. Mkato huu tuuite mfuo wa ufa. Sakafu yenye unene wa milimita 150 yahitaji mfuo wa kina cha takriban milimita 40, na mfuo mmoja usiwe mbali na mwenzake kupita mita 4 hivi.

Saa ya kukata ndiyo siri ya kazi yote. Ukiwahi mno, cherehe hung'oa kokoto na kingo za mfuo hubomoka. Ukichelewa mno, sakafu imekwisha kujichagulia ufa wake. Kwa kawaida wakati wenyewe ni baina ya muda wa saa 4 na saa 12 tangu sakafu ilipolainishwa, na katika joto la bonde la Kilombero wakati huo huja mapema. Sakafu iliyomwagwa asubuhi haingoji kesho. Aghalabu kazi huangukia jioni au usiku, wakati mtu amechoka na mwanga ni haba. Hapo ndipo maelekezo mafupi yenye maneno yaliyonyooka yanapookoa kiungo cha mtu, kwani hakuna anayefungua kamusi usiku huku mashine inanguruma.

HITIMISHO

Tumeona kwamba zege, saruji na taruma ni maneno yaliyosafiri na kubadilika bila ya kupoteza watumiaji wake, kwa sababu yalifuata kazi. Tumeona pia kwamba msumeno, neno zuri na kongwe, laweza kumdanganya mtumiaji lisipofuatana na cherehe. Basi mapendekezo yetu ni matatu. Kwanza, kila orodha ya istilahi za zana za hatari ianze na maneno ya hatari na ya kazi: mizunguko isizidi, mrusho, vumbi la silika, zege lililokazwa, gesi ya injini. Pili, orodha hiyo isomwe kwa sauti mbele ya mafundi kabla ya kupitishwa, nao waulizwe kila neno linawaambia wafanye nini. Neno ambalo fundi hawezi kulitenda lirudishwe kamatini. Tatu, maneno ya mafundi wa reli walio hai bado, katika Mngeta, Mlimba na stesheni nyingine, yakusanywe sasa, kwani walijifunza kwa mikono na mikono haiandiki kamusi.

Jambo hili halihusu wataalamu wa lugha peke yao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za nchi. Ofisa anayenunua mashine kwa fedha ya umma ana haki, tena ana wajibu, wa kudai maelekezo ya Kiswahili pamoja na mashine yenyewe. Maelekezo hayo yakifika mezani kwako, ndugu mfasiri, kumbuka kwamba neno utakaloliandika ni sehemu ya kinga ya mashine ile. Kinga ya chuma humlinda mtu dhidi ya cherehe. Kinga ya neno humlinda kabla injini haijawashwa.